Tiba ya sonona kwa simu: peke yako, na mshauri, au kupanda boti?

Mwana_wa_Wete: Assalaam alaykum. Tangu msimu wa karafuu uishe, usingizi sina, moyo unanienda mbio bila sababu. Daktari kasema ni sonona na wasiwasi, ila si kali, akanitajia tiba ya mawazo na mwenendo, ile ya kujifunza kuyapima mawazo yako na kubadili unavyofanya. Kwenda Unguja kila wiki siwezi, nauli ya boti tu inanimaliza. Nimeona programu za simu za bure, na nyengine za kulipia zenye mshauri. Aliyejaribu anambie.

Bint_Malindi: Waalaykum salaam. Mie nilichukua ya peke yangu, ya Kiingereza. Somo la kwanza zuri. La pili nikasema nitalisoma Ijumaa, na hiyo Ijumaa mpaka leo haijafika. Wala si bando. Siku zile hata kufua kanga moja nilikuwa siwezi, sasa somo nani anifungulie?

Msomaji_Tu: Hilo limepimwa. Uingereza walichukua wagonjwa 691 wa sonona. Wote walibaki na daktari wao, ila baadhi wakaongezewa programu ya kompyuta ya tiba hii: MoodGYM, iliyotengenezwa Australia, au Beating the Blues. Majibu yalitoka 2015: walioongezewa hawakupata nafuu kuwashinda wenzao. Wengi waliishia somo la kwanza au la pili. Zenye mtu anayekufuatilia ndizo zinazofanya vizuri zaidi. Kama una pesa, itie kwa mshauri.

Makunduchi_Kwetu: Mie nilikuwa na mshauri wa Dar, simu kila Jumatatu. Alinipa kazi ya daftari: tukio, wazo lililokuja, ushahidi wake. Nikaandika, "Jirani kapita hakunisalimu. Wazo: ana kinyongo tangu ile harusi. Ushahidi:" hapo kalamu ikagoma. Kesho yake nikamuuliza. Kumbe alikuwa na ndoo ya ngisi kichwani, barafu inayeyuka, anakimbilia gari, hata hakuniona! Zikapita wiki kadhaa za daftari, nikaanza kujikamata mwenyewe kabla wazo halijanibeba.
Tabu yake ni faragha. Nyumba yetu watu tisa. Nilikuwa nazungumzia chini ya mwembe, na watoto wakanifuata huko huko.

Mwana_wa_Wete: Mama anasema wasiwasi ni wa shetani, nisome Kurani tu.

Bint_Malindi: Soma, na daftari uandike. Havigombani.

Muuguzi_Mstaafu: Mwanangu, kwanza jaza yale maswali 9 ya PHQ-9, fomu ya kupima sonona. Jumla haizidi 27, na kuanzia 10 si ya kukaa nayo peke yako. La 9 linauliza kama unafikiria kufa au kujidhuru. Ukiwa na jibu lolote zaidi ya "hapana", programu weka pembeni, mwambie mtu wa nyumbani, na hospitali muende siku hiyo hiyo. Ukiwa Unguja ipo Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Watu wamelifanyia mzaha jina hilo miaka na miaka, wewe usiwasikilize. Na kama umepewa dawa, usiziache kwa sababu umepata programu.

Mwana_wa_Wete: Ahsante mama. Nimepata 12, la 9 sifuri. Basi mshauri wa simu. Mie nitazungumzia pwani, alfajiri hakuna mtu. Makunduchi, huyo wako anapokea saa kumi na mbili asubuhi?

Makunduchi_Kwetu: Anapokea. Mie ndiye niliyekuwa nachelewa kuamka.