Matapeli wa "usimtajie bei" wanatumaliza tunaouza magari Tanga, na wenye magrupu wanawaangalia tu

Wakuu, salaam. Naandika huu uzi nikiwa na hasira na sitaficha. Hivi ninavyoandika, gari langu linauzwa mtandaoni na mtu nisiyemjua, kwa bei ambayo sijawahi kuitamka, na picha zilizotumika nilizipiga mwenyewe nje ya nyumba yangu. Siku yoyote mtu mwingine atanigongea geti akidai funguo za gari alilokwisha kulilipia.

Nipo Makorora, hapa Tanga mjini. Nauza Toyota IST ya 2004, rangi ya fedha, nimelitumia mwenyewe na kadi ina jina langu. Nililitangaza kwenye magrupu ya kuuza na kununua, bei milioni 11, maelewano yapo.

Akanipigia mwanaume. Sauti nzito ya mtu mzima, ana staha, kila akivuta pumzi "dada yangu". Hakuuliza gari limetembea kilomita ngapi. Hakuuliza kama injini imewahi kufunguliwa, wala hakuomba nimpunguzie hata elfu kumi, na hapa Tanga mtu asiyeomba apunguziwe hata nyanya hamuuzii. Akasema yeye anafanyia biashara Dar, kuna bwana wa Muheza anamdai, wamekubaliana amlipe gari badala ya pesa taslimu. "Nitamtuma aje alione. Akiridhika, hela yako yote nakuingizia benki. Ila nakuomba jambo moja dada yangu, usimtajie bei. Mimi na yeye tumeshapatana kivyetu, ukimtajia ya kwako utanivurugia."

Kumbe wakati huohuo ameshachukua picha zangu, ameziweka kwenye grupu jingine kwa milioni 7 na nusu. Bwana wa Muheza alipompigia, akamwambia gari ni lake ila lipo kwa shemeji yake Makorora. "Nenda kalikague na fundi wako. Lakini habari za bei usizungumze na shemeji, tuna mgogoro wa kifamilia, akisikia nauza ataanza kudai fungu lake."

Mmeona ilivyosukwa? Mimi nimefungwa mdomo, mnunuzi naye kafungwa mdomo, na kila mmoja kapewa sababu ya heshima ya kumnyamazia mwenzake. Mtu mmoja tu ndiye anayezijua bei zote mbili, naye ni mwizi. Nyumba hii yote imejengwa juu ya ukimya wetu sisi wawili. Lau mmoja wetu angetamka namba moja tu kwa sauti, "gari hili shilingi ngapi?", ingeanguka palepale getini.

Bwana wa Muheza akaja na fundi. Ni mnunuzi wa kweli, mfanyabiashara wa machungwa, mtu mpole. Fundi akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kidole na kunusa, akaingia chini kuangalia shokapu, akawasha akasikiliza. Tukatoka nalo mpaka Kange na kurudi, nami nimekaa ndani. Wakaridhika. Yule bwana akasogea pembeni ya ukuta na simu sikioni, halafu akaondoka na fundi kuelekea kwa wakala. Aliporudi akaninyooshea mkono: "Haya shemeji, tayari. Naomba funguo na kadi."

Nikamwuliza tayari nini, mbona kwenye akaunti yangu hakujaingia kitu? Akanionyesha simu yake. Muamala ulikuwa wa kweli, umetoka, milioni 4 za kutanguliza, na nyingine angemalizia akishika funguo. Jina la mpokeaji lilikuwa la mwanamke, majina matatu kamili. Mimi simjui. Yeye hamjui. Na wote wawili tulikuwa tukiongea na mwanaume. Tukampigia palepale kwa spika, simu ikaita kidogo, ikakatwa. Tulipopiga tena haipatikani.

Sitaandika yote yaliyofuata. Watu walijaa. Kuna waliosema wazi kwamba mimi na tapeli ni kitu kimoja, kwamba haiwezekani mtu auze gari lako bila wewe kujua. Tukapelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kituoni, na huko nikabaki kueleza mpaka giza linaingia kwamba gari langu ni langu. Yule bwana simlaumu hata kidogo. Milioni 4 zile ni machungwa ya msimu mzima, ni vibarua, ni gari la kusombea mzigo. Amerudi Muheza mikono mitupu, na mimi nimebaki mtaani nikitazamwa kwa jicho la pembeni.

Sasa malalamiko yangu.

La kwanza ni kwa wenye magrupu. Nilimwandikia admini wa grupu lililobeba lile tangazo la uongo. Nikamtumia picha ya kadi nikiwa nimeficha namba ya chesisi, nikamtumia tangazo langu la awali lenye tarehe, nikamtumia namba ya RB, yaani ya taarifa iliyofunguliwa polisi. Jibu lake: sisi tunatoa uwanja tu, kila mtu ajilinde. Huyohuyo anatoza hela kulipandisha tangazo juu! Ukichukua hela ya mtu ili tangazo lake lionekane na maelfu ya watu, unao wajibu wa kulishusha pale mwenye mali anapokuja na ushahidi kwamba limeibwa. Kulishusha ni kubonyeza mara moja. Kila saa linalobaki pale kuna mwana wa mtu anahesabu akiba yake.

La pili ni laini za simu. Tulipanga foleni nchi nzima kusajili kwa alama za vidole, tukasumbuka kupata namba za NIDA, na Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Tuliambiwa utapeli utakwisha kwa sababu kila laini itakuwa na mwenyewe. Mbona tapeli ana laini yenye jina la mwanamke ambaye huenda hajui lolote? Inajulikana wanavyofanya. Mama anakwenda kusajili laini yake kwenye mwavuli pale stendi, anaambiwa "haijasoma mama, weka tena kidole", anaweka, na laini ya pili iliyosajiliwa kwa jina lake inaenda kwa watu wa kazi hiyo. Piga *106# leo hii, ni bure, uone namba ngapi zipo chini ya kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika ikafutwe. Na wanaowasajili watu mara mbili kwa makusudi washtakiwe pamoja na matapeli wenyewe, maana bila wao hakuna laini ya kupigia wala ya kupokelea hela.

La tatu ni maneno ya "ungekuwa makini". Nimeyasikia mpaka yamenichosha. Umakini wa mtu mmoja hautoshi pale ambapo wezi wamemtengenezea mnunuzi wa kweli na muuzaji wa kweli, gari la kweli na muamala wa kweli. Kosa hili lina jina kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Mhalifu ni aliyedanganya. Anayesimangwa mtaani ni aliyedanganywa, ndiyo maana wengi wakipigwa wananyamaza, hawaendi hata kuchukua RB.

Wanaouza magari sasa hivi, hasa mnaouza mara ya kwanza, nawasihi. Mtu yeyote akikwambia usimtajie bei mnunuzi, au mnunuzi asizungumze na wewe, achana naye hapohapo, hata aape kwa Mungu. Mnunuzi akifika, kabla hajafungua mlango wa gari, mwulize mbele ya mtu mwingine: umelionea wapi tangazo, umeambiwa bei gani, na hela unamlipa nani? Sasa hivi ndivyo ninavyofanya, na nimeshakutana na mwingine aliyeambiwa lile la shemeji. Huyo aliondoka na hela yake mfukoni, akanishukuru.

Na malipo yafanyike benki, ndani ya ukumbi, mkiwa wote wawili. Aingize kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye kadi ya gari. Mwone salio kwa mhudumu wa dirishani, usiangalie meseji. Meseji zinatengenezwa. Ya kweli ya M-Pesa inakuja kwa jina la huduma na inaingia kwenye mlolongo uleule wa meseji zako za zamani. Ya kwao inatoka kwenye namba ya kawaida, na ukisoma vizuri "salio jipya" wala halilingani na ulichokuwa nacho. Ukishindwa kuamua, ingia kwenye menyu uangalie salio mwenyewe. Slipu nayo isikutie moyo. Mtu anaweza kuingiza hundi, akapewa karatasi yenye muhuri, akaja nayo kwako anatabasamu, hundi ikarudi baadaye gari likiwa halijulikani lilipo.

Sisi wa Tanga tuna la ziada, mpaka. Horohoro ipo karibu mno. Mtu ukimwachia gari "alijaribu kidogo" peke yake, kabla hujaanza kuwa na wasiwasi ameshafika huko. Kaa ndani ya gari, na kitambulisho chake kibaki kwa mtu wako nyumbani baada ya kukipiga picha. Nami nilipata mwingine kwenye WhatsApp, anasema yupo Mombasa, atanilipa zaidi ya bei, kile kilichozidi nimtumie wakala wake atakayelivusha gari na kwenda kulisajili kwao. Gari la 2004! Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hakutaka gari huyo, alitaka hicho "kilichozidi" nikitume kutoka kwenye hela yangu halisi, wakati malipo yake ni hewa. Hakuna mnunuzi duniani anayekuzidishia bei halafu akuombe chenji.

Picha ya kadi msiiweke kwenye tangazo, wala msimtumie mtu kwa simu kabla hajafika. Wanaitumia kumwonyesha mnunuzi mwingine kwamba gari ni lao. Kama mtu anataka kuhakiki, aje aione kwa macho yake.

Jambo jingine linalopuuzwa mno ni kuhamisha umiliki. Watu wanaandikishana mkataba kwa wakili, wanapeana mikono, kadi inabaki na jina la muuzaji mwaka mzima kwa sababu mnunuzi anakwepa ushuru wa stempu wa asilimia 1 na ada ya TRA. Wakati huo faini zote za barabarani zinasoma kwenye namba ya gari, na likigonga mtu au likibeba magendo, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina kwenye kadi. Mnunuzi anayesema "tutahamisha tu, usijali" huku anaomba kadi orijino, mwambie muende wote TRA mkaanze hiyo kazi, na ada zenu mziandike ndani ya mkataba nani analipa. Mkataba wenyewe uwe na bei kwa tarakimu na kwa maneno, isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi wa pande zote. Wakili akiona mnunuzi anashtuka bei inaposomwa, hapo utapeli umejulikana kabla hela haijatoka.

Namba za huyu tapeli, zote mbili alizotumia, nimeshazituma kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli wa simu. Sitaziweka hapa wazi kwa sababu jina lililosajiliwa huenda ni la mama asiye na hatia na sitaki avamiwe nyumbani kwake.

Ninachoomba: kama wewe au ndugu yako mmepigwa kwa mtindo huu wa "shemeji" Tanga mjini, Muheza, Korogwe au Pangani, njoo PM na tarehe na namba ya RB. Bwana wa Muheza amekubali tuunganishe nguvu na mpelelezi amesema malalamiko ya watu kadhaa juu ya mtu mmoja yanampa pa kushika zaidi kuliko ya mmoja mmoja. Hata kama ni laki mbili za kushikia gari, njoo. Na mkiona IST ya fedha ya 2004 inatangazwa kwa milioni 7 na nusu, ipo Makorora, siyo mimi. Ripotini hilo tangazo, na mwambieni kila anayeuliza bei pale chini.