Nimekubaliwa kusoma MSW lakini barua ya fedha haijaja, na chuo ninachokitaka kiko kimya: nifanyeje?

Mwombaji, 12 Machi 2026

Habari zenu, ndugu. Naomba mawazo ya waliokwisha kupita njia hii. Niliomba nafasi ya shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, MSW, katika vyuo vinne hapa Marekani, nikakamilisha maombi yote kabla ya katikati ya Januari, na masomo yanatarajiwa kuanza mwishoni mwa Agosti. Hadi leo hali ni hii: chuo kimoja cha binafsi kilinikubali Februari na kuniahidi punguzo la ada la dola 12,000 kwa mwaka, lakini barua kamili ya msaada wa fedha haijaja, cha pili kimeniweka kwenye orodha ya kusubiri, cha tatu na cha nne viko kimya. Cha tatu ni chuo cha umma cha jimbo ninaloishi, nacho ndicho ninachokitaka kuliko vyote.

Kinachonikosesha usingizi ni tarehe. Kile kilichonikubali kinataka nithibitishe kabla ya tarehe 1 Aprili na kulipa dola 400 za kushikilia nafasi, fedha ambazo hazirudishwi hata nikibadili mawazo siku inayofuata. Fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa fedha wa serikali, niliijaza Novemba, na kwa kuwa ni mkazi wa kudumu, sina wasiwasi kuhusu kustahili mikopo ya serikali. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nafungua akaunti ya maombi ya chuo cha tatu, na kila asubuhi nakuta maneno yale yale, kwamba maombi yangu yanapitiwa, yameandikwa kwa rangi ya kijivu pembeni mwa picha ndogo ya saa. Nimeshaanza kuichukia ile saa.

Je, kuandika kuwauliza kunaweza kuniharibia? Je, nilipe hizo 400 au niache? Na nitalinganishaje vyuo ikiwa kimoja kimetaja punguzo na kingine hakijasema lolote?

Mhitimu wa 2021

Dada, pole kwa kusubiri. Kwanza tenganisha ofisi mbili ambazo kwa mwombaji huonekana kama kitu kimoja. Udahili huamuliwa na kamati ya idara ya ustawi wa jamii, ambako walimu husoma insha yako na barua za waliokupendekeza; fedha za serikali hushughulikiwa na ofisi nyingine kabisa, ambayo haijawahi kuiona insha yako na wala haina haja nayo. Ofisi hiyo kwa kawaida haikuandalii barua mpaka iarifiwe kwamba umekubaliwa, na mara nyingi husubiri pia chuo kipitishe ada za mwaka ujao. Kwa hiyo kukosa barua ya fedha mwezi Machi, hata kwa aliyekubaliwa Februari, si dalili ya jambo lolote baya.

Kuandika hakutakuharibia, mradi iwe barua moja fupi na si kumbusho la kila Jumatatu. Kwa chuo cha tatu, taja jina lako na namba ya maombi, sema kwamba unayo nafasi kwingine yenye tarehe ya mwisho ya 1 Aprili, eleza kwa sentensi moja kwamba chuo chao ndicho chaguo lako la kwanza, kisha uliza kama uamuzi unaweza kupatikana kabla ya tarehe hiyo. Usiongeze maelezo ya dhiki zako; anayeisoma barua hiyo anataka kujua afanye nini, na huwa na nyingine nyingi mezani.

Kwa chuo cha kwanza, omba muda. Huenda umesikia kuhusu tarehe 15 Aprili. Lipo azimio la Baraza la Shule za Uzamili la Marekani ambalo vyuo vilivyolisaini vinakubali kutomlazimisha mwanafunzi kujibu ofa ya ufadhili kabla ya siku hiyo. Lakini usiende nalo kama rungu: si vyuo vyote vimesaini, linahusu ufadhili na si udahili wenyewe, na programu nyingi za MSW hujiwekea tarehe zao. Sababu yako ya kweli ina nguvu zaidi, nayo ni kwamba wanataka uthibitishe kununua kitu ambacho wao wenyewe hawajakutajia bei yake.

Jambo moja lililonipata mimi, nalisema kwa sababu wengi wetu tuna majina matatu. Katika maombi ya chuo niliandika jina langu, la baba na la babu, kama vyeti vyangu vilivyo. Katika FAFSA niliandika mawili, kwa kuwa ndivyo kadi yangu ya Social Security inavyosomeka, na fomu hiyo hulinganishwa na kadi. Chuo kilipokea FAFSA yangu lakini hakikujua ni ya nani, ikakaa wiki saba bila kuunganishwa na faili langu, nami muda wote huo nikidhani ninasubiri uamuzi wa watu wenye busara. Piga simu ofisi ya fedha ya kila chuo, uliza swali moja tu: je, FAFSA yangu ya mwaka 2026–27 mmeipata, na imeunganishwa na faili langu la maombi?

Kuhusu pengo la fedha usiogope sana. Mimi lililobaki baada ya mkopo wa kawaida nililiziba kwa ule mkopo mwingine wa serikali wa wanafunzi wa uzamili, PLUS, ambao hufika hadi gharama yote ya masomo.

Niliyefanya kazi ofisi ya misaada ya fedha

Nakubaliana na mwenzangu kwa yote isipokuwa aya yake ya mwisho, na naomba muulizaji asiitumie kabisa. Mkopo wa PLUS kwa wanafunzi wa uzamili unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, kwa sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025. Waliokwisha kukopa kwa programu wanayoendelea nayo wamewekewa kipindi cha mpito, lakini wewe unayeanza Agosti humo katika kundi hilo. Ushauri wa kila aliyesoma kabla yako, hata uwe wa nia njema namna gani, unasimama juu ya sakafu ambayo imeondolewa.

Kilichobaki kwako upande wa serikali ni mkopo wa kawaida usio na ruzuku ya riba: dola 20,500 kwa mwaka, na jumla isiyozidi 100,000 kwa masomo ya uzamili. Sheria hiyo imeweka kiwango kikubwa zaidi, 50,000 kwa mwaka, kwa shahada zinazoitwa za kitaaluma, kama vile udaktari wa tiba na sheria. Lakini tafsiri ambayo kamati ya Wizara ya Elimu iliafikiana Novemba 2025 haikuijumuisha shahada ya ustawi wa jamii. Wana taaluma wamelalamika sana, na kwa maoni yangu wana haki, kwa sababu kazi hii huwezi kuifanya kwa leseni ya kitabibu bila shahada hiyo. Hata hivyo piga hesabu yako kwa 20,500, si kwa matumaini.

Mkopo huu hautazami kipato chako, kwa hiyo huna haja ya kungoja barua ili kujua kama utaupata. Ukiwa unastahili na umesajiliwa angalau nusu ya mzigo wa masomo, unaupata. Riba yake huanza kuhesabika siku fedha zinapotolewa, na serikali hukata ada ya takriban asilimia 1 kabla hazijakufikia. Ruzuku ya Pell, ambayo serikali huwapa wanafunzi wa shahada ya kwanza, haimhusu mwanafunzi wa MSW. Kwa FAFSA wewe ni mtu mzima unayejitegemea, kwa hiyo kipato cha wazazi hakiulizwi. Hakikisha tu kwamba pale fomu inapouliza kiwango cha masomo ulichagua uzamili, maana nimeona watu wakichagua mwaka wa kwanza wa chuo kwa kuwa ni mwaka wao wa kwanza chuoni hapo, na barua zao zikatoka na takwimu za shahada ya kwanza.

Sasa hesabu. Huhitaji barua ili kuianza, kwa sababu kila chuo huchapisha makadirio ya gharama ya mwaka mzima, ada pamoja na makazi, chakula, vitabu na usafiri. Tuseme chuo chako cha binafsi kinakadiria 58,000. Ondoa punguzo la 12,000, zinabaki 46,000. Ondoa mkopo wa 20,500, zinabaki 25,500 ambazo lazima zitoke mfukoni au benki. Tuseme chuo cha umma kinakadiria 31,000 na hakikupi hata senti. Ondoa 20,500, zinabaki 10,500. Kile kisichokupa kitu kinakuacha na pengo chini ya nusu ya lile la kile kilichokutumia barua ya pongezi. Weka takwimu halisi za vyuo vyako mahali pa hizi zangu, kisha zidisha kwa miaka miwili, na uulize kwa maandishi kama punguzo ni la miaka yote miwili au la mwaka wa kwanza tu.

Pengo likizibwa kwa mkopo wa benki binafsi, kumbuka kwamba mkopo huo hauingii katika mpango wa kusamehewa deni kwa watumishi wa umma, ule wa malipo 120 ukiwa kazini serikalini au katika shirika lisilo la faida. Kwa fani yetu mpango huo si jambo dogo, kwa kuwa wengi wetu tunaishia huko huko.

Kuhusu dola 400: omba muda kwanza. Ukinyimwa, na ukipiga hesabu ukaona chuo hicho unaweza kukimudu, lipa na uzihesabu kama bima. Ukiona huwezi kukimudu, usilipe, kwa sababu utakuwa umeshikilia nafasi ambayo hutaitumia.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Naongeza kitu ambacho hakimo katika makadirio ya gharama. Viwango vya Baraza la Elimu ya Ustawi wa Jamii, CSWE, vinataka saa zisizopungua 900 za mafunzo kwa vitendo kwa kila mwanafunzi wa MSW, isipokuwa wenye shahada ya kwanza ya fani hii ambao huhesabiwa sehemu ya walichokwisha kufanya. Kwa saa 16 kwa wiki, hizo ni wiki 56 hivi, na mara nyingi hazilipwi. Mimi niko katika kituo cha afya ya akili Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na siku hizo mbili ndizo zilizokuwa zamu zangu nzuri kazini. Mshahara wangu ulipungua kwa karibu theluthi moja, na hakuna aliyewahi kuniambia niliandike hilo kwenye hesabu.

Dada anaonekana ana kazi. Uliza kila chuo kama kinaruhusu mafunzo kufanyika mahali pa ajira, jambo ambalo viwango vinaruhusu lakini kila chuo kina masharti yake. Uliza pia kuhusu posho za Title IV-E, mpango wa serikali kuu, ambazo hutolewa kupitia vyuo shirikishi kwa watakaofanya kazi ya ulinzi wa watoto baada ya kuhitimu. Soma mkataba kwa makini, kwa sababu usipotimiza muda wa kazi utazirudisha. Vipo vile vile vyuo vyenye ruzuku ya HRSA, wakala wa afya wa serikali kuu, ya kuandaa wataalamu wa afya ya akili, na posho yake huwafikia wanafunzi wakiwa katika mafunzo ya vitendo. Fedha hizi mara nyingi huwa na maombi yake yenyewe ndani ya idara, tofauti na FAFSA, na tarehe zake hupita kimya kimya wakati mtu akitazama picha ya saa.

Usikimbilie pia kusoma nusu muda ili uokoe mshahara bila kuangalia sheria mpya, kwa sababu kiwango cha mkopo cha mwaka sasa kinapunguzwa kulingana na mzigo wa masomo uliosajili.

Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1

Samahani kwa kuingilia. Je, haya yote yananihusu mimi ambaye si mkazi wa kudumu?

Niliyefanya kazi ofisi ya misaada ya fedha

Kwa sehemu kubwa hapana, ndugu yangu. FAFSA na mikopo ya serikali si yako, na posho ya HRSA ni ya raia na wakazi wa kudumu. Chuo hakitakupa fomu ya I-20, ile ya kuombea viza, mpaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza, kwa hiyo kwako swali la fedha hutangulia hata viza. Uliza kuhusu punguzo la chuo chenyewe na nafasi za kazi ya kuwasaidia walimu, na uulize sasa.

Mwombaji, 27 Machi 2026

Nawashukuru sana, dada na kaka zangu. Nimeona nirudi na habari.

Chuo cha binafsi kimeniongezea muda hadi tarehe 17 Aprili, kwa barua pepe ya mistari miwili isiyouliza lolote. Barua yao ya fedha ilikuja siku nne baadaye, na punguzo ni la mwaka wa kwanza tu. Wa pili litategemea bajeti. Nimepiga hesabu mara tatu, ya mwisho kwa kalamu na karatasi nikitoa na siku mbili za mshahara kila wiki, na pengo linabaki kubwa kuliko ninavyoweza kulibeba bila benki. Sijalipa zile 400.

Orodha ya kusubiri nimejitoa, maana chuo hicho ni ghali kuliko hata kile cha binafsi kilichonikubali. Cha nne kimenikataa.

Chuo cha umma nilikipigia simu. Ofisi ya fedha waliniambia hawana FAFSA yangu, kisha dada mmoja mpole akaniomba nimtajie herufi za jina la ukoo polepole, akaipata chini ya jina la baba bila la babu. Sasa imeunganishwa. Idara nayo ilinijibu kwamba kamati inakutana kwa mara ya mwisho tarehe 8 Aprili, kwa hiyo nina siku tisa za ziada kati ya mkutano huo na tarehe ya chuo cha kwanza. Maombi ya posho ya ulinzi wa watoto yanafungwa tarehe 3, kabla hawajanipa hata jibu la udahili, na wamesema naweza kuyatuma hivyo hivyo. Insha yake ni ya maneno 500, nami nimefika 180.

Swali moja la nyongeza kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, kama hutajali: mkataba wa posho hiyo unataka nifanye kazi katika idara ya jimbo popote watakaponipangia, au mwanafunzi huruhusiwa kuchagua wilaya?