Naombeni ushauri: nianze na episodi ipi ya Attack on Titan: Junior High?

Blanketi la Armin (mleta uzi):
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi na Jumamosi ndiyo hiyo inakuja. Nataka kuwaonyesha watu Attack on Titan: Junior High, ile katuni ya Kijapani ya mwaka 2015 iliyotengenezwa na Production I.G, episodi 12, inayowachukua wahusika wa Attack on Titan, hadithi ya kutisha ya majitu yanayokula watu, na kuwaweka shuleni kwa vichekesho. Nina projekta na muda wa kama saa moja na nusu. Nianze na episodi ya kwanza, au niruke nianzie katikati kwenye vituko vingi? Mlioiona nisaidieni. Nataka wacheke, tena wote. Ikibuma, sitapewa nafasi nyingine.

Nyuki wa Tabora:
Ya kwanza mkuu, usijiulize mara mbili. Eren, mhusika mkuu, anaingia shule ana kisasi na majitu kwa sababu moja tu: jitu lilimnyang'anya chakula chake cha mchana, nyama ya kusaga yenye jibini. Sauti ni ileile ya mwigizaji Yuki Kaji, anaapa kwa uchungu uleule wa katuni ya asili ya mwaka 2013. Hawakupunguza hata chembe. Mimi mbavu ziliniuma.

Mama Wawili:
Watu wazima na katuni. Jumamosi mtu anafua, anapika, anakwenda kuwaona wazazi. Halafu mwanangu, unasema "watu" bila kusema ni watu gani. Hao watu hawana kazi?

Mzee wa Flashi:
Mmenikumbusha mbali. Msimu wa kwanza wa ile ya asili uliisha Septemba 2013, wa pili ukaja Aprili 2017. Hebu fikiria kungoja kote huko. Katikati, Oktoba 2015, ndipo ikaja hii ya shule. Wakati huo nilikuwa chuo, flashi moja ilizunguka bweni zima, ukiichelewesha unagombana na watu. Tuliposikia ni vichekesho tulikasirika kweli, tukaona tunachezewa. Kisha tukamwona Marco. Yupo darasani, mzima, amevaa sare, anaongea na rafiki yake Jean kama vile hakuna kilichotokea. Chumba chote kimya. Sisi, kwenye ile ya asili, tulikuwa tumemwona Jean akimkuta barabarani amekufa, baada ya vita vya mji wa Trost. Tangu siku ile sikuidharau tena. Kwangu ile haikuwa katuni ya kuchekesha, ilikuwa ni kurudishiwa watu.

Pweza Mkavu:
Mzee umemwaga kila kitu bila onyo! Kuna ambao hatujafika Trost.

Mzee wa Flashi:
Imetoka 2013, mdogo wangu. Pole.

Fundi Redio:
Mleta uzi, nina swali moja. Hao watu wako wameiona ile ya asili?

Blanketi la Armin:
Wengi wameisikia. Tuendelee na suala la episodi, tafadhali.

Fundi Redio:
Kuisikia siyo kuiona. Ni kina nani, na walioiona ni wangapi?

Blanketi la Armin:
Haya. Ni wanafunzi wa kidato cha pili, shule ya bweni. Mimi niko pale kwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo, na burudani ya Jumamosi hii nimeachiwa mimi. Ile ya asili hawajaiona. Na siwezi kuwaonyesha, kwa sababu episodi ya kwanza tu mama anatafunwa na jitu mbele ya mwanawe Eren. Ila hii haina damu. Kuna sare, kuna vilabu vya shule, kuna Sasha anayewaza chakula muda wote, kuna Armin anayetembea kajiviringisha blanketi. Watoto wa bweni watajiona mle ndani. Halafu maneno yote ya episodi ya kwanza nimeshayatafsiri kwa Kiswahili, na tangazo limebandikwa bwaloni. Siwezi kurudi nyuma.

Fundi Redio:
Kumbe ulikuwa umeshaamua. Basi nisikilize. Kile kisa cha chakula kinachekesha kwa sababu mahali pake, kwenye hadithi ya asili, kuna mama. Kiapo ni kilekile, uso ni uleule, ila anachokililia sasa ni nyama yenye jibini. Aliyemwona yule mama chini ya nyumba iliyoporomoka, kicheko kinampasua kifua. Asiyemwona ataona mtoto mlafi anayepiga kelele. Annie, Reiner na Bertolt, ambao kwenye ile ya asili ni maadui waliojificha, kukaa darasa moja na wenzao, wakisumbuliwa na mambo ya kitoto tu, ni jambo linalomuuma anayewajua. Kwa mgeni hao ni wanafunzi watatu. Utawapa wanao chumvi bila mchuzi.

Blanketi la Armin:
Sikubali. Kichekesho cha shule kinaeleweka popote. Kuchelewa namba, kumwogopa mwanafunzi wa juu kama Levi, kuibiwa chakula. Nani aliyesoma bweni asiyeyajua hayo?

Dada wa Mwenge:
Achana nayo, waonyeshe ile ya Rock Lee ya 2012, vichekesho vilivyotoka kwenye katuni ya Naruto. Episodi 51, vichwa vikubwa, viwiliwili vidogo. Naruto hata bibi yangu anamjua. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunaitazama kila akirudi likizo, naye alikuwa mtu wa kununa, lakini mwalimu Gai akianza kulia na mwanafunzi wake Lee, kaka anaanguka chini. Sasa hivi yuko mbali. Ngoja nimpigie simu.

Mama Wawili:
Kidato cha pili wana upimaji wa taifa Novemba. Nawaombeni mwalimu akashike chaki.

Kikombe Kimejaa:
Wakuu, mbona mnakunywa tu bila kupuliza? Hii ni chai, na sukari imezidi. Mwalimu wa mafunzo aachiwe bwalo na projekta? Halafu anasema "kuchelewa namba". Mwalimu anapanga wanafunzi namba, hachelewi. Huyu ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, simu kaificha kwenye tranka.

Pweza Mkavu:
Hahahaha! Dogo, kalale, taa zimezimwa.

Blanketi la Armin:
Mimi ni mwalimu.

Kikombe Kimejaa:
Tofauti ya azimio la kazi na andalio la somo ni nini?

Blanketi la Armin:
Azimio ni mpango wa mada za muhula au mwaka mzima, wiki kwa wiki. Andalio ni la kipindi kimoja: malengo, hatua, zana, tathmini. La kesho linaningoja hapa mezani.

Kikombe Kimejaa:
Hayo hata mwanafunzi anayebeba madaftari ya mwalimu anayajua. Chai bado ya moto.

Fundi Redio:
Mwalimu au mwanafunzi, swali lake ni la kweli, na mtu aliyetafsiri episodi nzima kwa ajili ya wenzake siwezi kumcheka. Fanya hivi. Kabla ya kuwasha projekta, simama uwasimulie kwa mdomo. Dakika kumi na tano. Ukuta wa Maria, mji wa Shiganshina, mwaka 845 wa kwao, lile jitu linachungulia juu ya ukuta, nyumba, mama anamwambia mwanawe akimbie. Simulia taratibu, damu usiitaje. Wakishamjua yule mama, washa. Ya kwanza, kisha ya pili, basi.

Nyuki wa Tabora:
Hapo sasa. Na msimuliaji awe yeye mwenyewe, siyo kusoma karatasi.

Blanketi la Armin:
Hilo naliweza. Na Marco je? Nimtaje?

Mzee wa Flashi:
Marco mwache. Wamzoee kwanza.

Mama Wawili:
Hata mimi hapo kwa mama nimeguswa. Ila mwalimu, mkuu wa shule ana habari na hilo tangazo?

Blanketi la Armin:
Nitamwona Ijumaa.