Eti skuli ya wazee wetu Frere Town ilikuwa ZIZI LA PUNDA!!!

Mjukuu_wa_Kengeleni:
Nimetoka matangani sasa hivi na vidole bado vyanitetemeka, kwa hivyo makosa ya herufi mnisamehe. Mwamjua. Yule wa miwani ya jua saa tatu usiku. Yule asiyeweza kuiona maiki akaipita. Simtaji jina, hakuna haja, hata mamake akisoma hapa ashamtambua.

Watu tumekaa chini ya turubai, pilau ndiyo inashuka, bwana kasimama. Nani kamwita? Hakuna. Akaanza kutufunza historia ya Frere Town, kijiji chetu hapa Mombasa, sisi tuliozaliwa pale pale! "Hapo mnaposema palikuwa na skuli, palikuwa zizi la punda." ZIZI. LA. PUNDA. Mbele ya shangazi yangu aliyevuka miaka 80! Shangazi alikuwa ashainua tonge. Likarudi kwenye sinia, punje moja ikabaki imening'inia kidoleni. Akaniuliza, "Asemaje huyo, mwanangu?" Nikamwambia, "Hakuna kitu, shangazi, wewe kula." Na yule bwana, kama aliyetusikia, akarudia, maiki ikapiga mluzi: "Punda!"

Haya, tuseme walikuwa punda. Wamishonari wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, walianzisha kijiji kile 1875 kwa watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, na miongoni mwa waliowaongoza walikuwemo Waafrika waliokombolewa wakasomeshwa Nasik, kule India. Punda wa Mombasa wakafunzwa na punda wa Bara Hindi! Wakajifunza kusoma, wakajifunza useremala, vitabu vikapigwa chapa hapo hapo kijijini. 1903 kikafunguliwa chuo cha makasisi, 1930 kikahamishiwa Limuru, na leo ni chuo kikuu, watu wavaa joho. Zizi limezaa chuo kikuu! Yeye kwao pamezaa nini zaidi ya maiki?

Kijiji chenyewe kimemezwa. Palipokuwa mashamba pana maghorofa na magereji. Imebaki kengele pale njia panda, iliyokuwa ikilizwa watekaji wakionekana, na sasa makonda wapiga kelele "Kengeleni mwisho!" bila kujua wanataja nini. Ndipo huyu mtu apate nafasi ya kuleta punda wake. Shangazi HAKUMALIZA pilau. Mamangu, shangazi yangu mimi, pilau!

Papa_Mkavu:
Pole sana ndugu yangu. Hilo pilau lililobaki nani alikula?

Mjukuu_wa_Kengeleni:
Mimi. Lakini hilo si suala.

Mrabai_Asili:
Frere Town mwapenda kulia. Mmishonari Krapf kafika Mombasa 1844, akaja mwenzake Rebmann, 1846 wako Rabai kwetu. Mlikuwa wapi? Mwanzoni mwa 1889 watumwa watoro zaidi ya 1,400 walitolewa karatasi za uhuru, na wengi wao walikuwa wamejificha kwetu. Lakini mgeni akishuka Mombasa, apelekwa wapi? Kupiga picha na kengele! Sisi hata zizi hatujapewa.

Binti_wa_Ribe:
Wametodisti wako Ribe tangu 1862. Nimesoma uzi mzima, hakuna aliyetutaja. Endeleeni tu.

Konda_Mstaafu:
Nimeita "Kengeleni" nusu ya umri wangu na historia yake naijua kukushinda. Pia nakujua wewe. Ulikuwa ukijifanya umelala nauli ikikusanywa.

Mjukuu_wa_Kengeleni:
Mzee wangu, heshima yako, lakini hapa twazungumzia ZIZI LA PUNDA. Mbele ya shangazi!

Fundi_Tuktuk:
Huyo bwana namjua! Harusi ya dadangu aliishika maiki akaanza kueleza biriani ilikotoka. Ameanza wali ukiwa wa moto, amemaliza bi harusi ashavua viatu. Babangu ikabidi azime jenereta.

Papa_Mkavu:
Hahaha, jenereta! Kumbe ndiyo dawa yake.

Mama_Wanne:
Samahani, kwani punda ana ubaya gani? Mimi Kisauni nisingeoga bila punda. Mfereji wangu wakohoa upepo tu. Yule wa mkokoteni asipopita, watoto waenda skuli na jana yao usoni.

Mishomoroni_Damu:
Mama Wanne, wewe wasikia japo kikohozi. Wangu ushageuka kamba ya kuanikia nguo. Halafu karatasi ya bili ndiyo haikauki, kila mwezi yaja!

Binti_wa_Ribe:
Bili ya upepo.

Mjukuu_wa_Kengeleni:
Jamani turudi kwenye mada. Maji fungueni uzi wenu. Yule mtu amesema skuli ya wazee wetu ilikuwa zizi la

Mishomoroni_Damu:
Mama Wanne, huyo wa mkokoteni afika hadi huku kwetu? Niunganishe naye.

Mama_Wanne:
Afika. Nakutumia nambari faraghani. Ila akague mitungi mbele yako kwanza, juzi wangu ulikuja na kiluwiluwi, na alitaka nilipe bei ile ile.

Papa_Mkavu:
Hicho kiluwiluwi nacho kilipanda bure?