Ulinganisho: Black Christmas (1974) au Halloween (1978), ipi inatia taharuki zaidi?

Mkesha: Wakuu, salaam. Kila zinapotajwa filamu za muuaji mwenye kisu, watu huanzia Halloween ya John Carpenter kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Mimi nashikilia kwamba Black Christmas, ambayo Bob Clark aliiongoza nchini Kanada miaka 4 kabla yake, inakaba roho zaidi, kwa sababu tangu dakika za mwanzo sisi tunajua muuaji yuko wapi, ilhali wenye nyumba hawajui. Tunaona kwa macho yake jinsi anavyoparamia ukuta wa nyumba wanamoishi wanafunzi wa kike na kujipenyeza darini. Baadaye watu wanahangaika kumtafuta msichana aliyepotea, huku maiti yake ikiwa imeketi kwenye kiti cha kubembea, kichwa kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, mbele kabisa ya dirisha la dari. Yeyote ambaye angesimama nje na kuinua macho angeiona.

Pazia Jekundu: Ndugu Mkesha, hoja yako ina uzito, ila usiishushe Halloween. Carpenter anatupa umbo la kuogopa: barakoa nyeupe isiyo na hisia, mtu aliyesimama mchana kweupe kando ya ua wa miti, kisha ghafla hayupo. Tangu hapo unapekua kila pembe ya picha hata pale ambapo hakuna kitu. Ongeza muziki ambao Carpenter aliutunga mwenyewe, wenye mapigo 5 yasiyotulia. Anayeianza aina hii ya filamu ningemshauri aanze na Halloween.

Sikio la Tatu: Kwa kuwa muziki umetajwa, naomba niutetee ule wa Carl Zittrer katika Black Christmas. Alifunga uma, visu na vitana kwenye nyuzi za piano, kwa hiyo kinachosikika ni mkwaruzo na mvumo ambao huwezi kuuimba wala kuukumbuka, na mara nyingi nimejiuliza kama ni muziki au ni nyumba yenyewe inayolia. Muziki wa Halloween unakutangazia kwamba hatari imewadia; huu haukutangazii chochote. Tazameni pia kifo cha Barb, aliyeigizwa na Margot Kidder: watoto wanaimba nyimbo za Krismasi mlangoni, Jess, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, amesimama akiwasikiliza, na huko chumbani pambo la kioo linatumika kuua. Kelele zote zinamezwa na sauti za watoto.

Mzee wa Laini: Wanangu, mimi niliwahi kufanya kazi katika kituo cha kuunganishia simu cha aina ya zamani, na sehemu iliyonishika katika Black Christmas ni ile ya kumsaka muuaji kupitia simu za matusi anazowapigia wasichana wa nyumba ile. Mitambo ile haikuwa na kioo cha kukuonyesha namba, hivyo ilibidi fundi aifuate laini kwa miguu, swichi hadi swichi, na ilikuwa lazima simu ibaki hewani. Ndiyo maana Jess analazimika kuvumilia yale matusi na vilio sikioni, kwa sababu akikata mapema kazi yote inaanza upya, na huku fundi anakimbia katikati ya safu za mitambo inayogongagonga. Jibu linapopatikana kwamba simu zinatoka humo humo ndani ya nyumba, mtazamaji alikuwa akilijua muda wote, na bado linamtetemesha.

Pazia Jekundu: Shikamoo mzee. Hapo nakubali nimezidiwa, kwa kuwa Halloween haina tukio linalomfanya mhusika ahitaji kumsikiliza adui yake ili aokoke. Bado nasema Carpenter ni bingwa wa kutumia nafasi tupu.

Mkesha: Hilo sikupingi.

Mgeni Ukumbini: Nimeshawishika, nitaitazama Black Christmas kesho usiku. Msinisimulie mwisho, niambieni tu kama sura ya muuaji inaonyeshwa, maana nachoka na filamu zinazomfunua na kumweleza hadi hofu inaisha.

Sikio la Tatu: Haionyeshwi. Utaliona jicho moja kwenye upenyo wa mlango, basi. Zima taa, vaa vipokea sauti vya masikioni, na simu yako iweke mbali.