Watu wanakwepa dawa za matende na mabusha, nyie kwenu mnafanyaje?

mgawadawa_kusini: Habari wakuu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Lindi, kila zoezi la kingatiba (kugawa dawa za kukinga matende na mabusha) likija nabeba ile fimbo ya kupimia urefu na makopo yangu napita nyumba kwa nyumba. Shida sasa, kati ya nyumba kumi, nne zimefungwa, mbili wanakwambia acha hapo ntameza usiku, na mimi siruhusiwi kuacha, lazima nimuone mtu anameza. Vijana ndo balaa, eti zinamaliza nguvu za kiume. Mkutano wa kijiji tuliitisha wakaja wazee na watoto tu. Nifanyeje?

Korosho Ghafi: Unapita saa ngapi mkuu? Msimu wa korosho watu wanalala huko huko mashambani, ukigonga mlango saa nne asubuhi unamkuta nani, kuku? Nenda jioni kwenye bao na kahawa, au kule ghalani wanapopima korosho. Tena jioni mtu keshakula, maana vile vidonge na njaa kichwa kinazunguka.

Mama Wawili: Na muwaambie ukweli jamani. Mi nilimeza, usiku nikawashwa mwili mzima na homa juu nikajua nimelishwa sumu, kumbe ni vile vidudu vya kwenye damu vinakufa ndo vinaleta hivyo, nesi kanielezea kesho yake nishajikuna mtaa mzima umeona 😅 mwaka uliofuata nani angemeza pale? Angeniambia kabla wala nisingeshtuka.

mgawadawa_kusini: Hapo umenigusa, huwa tunasema tu wajawazito na watoto chini ya sentimita 90 hawapewi, basi tunasonga. Na wale wanaosema mi mzima dawa ya nini?

Msuli wa Mkole: Waambie mbu hachagui, anakunyonya wewe usiyejua kama una hivyo vidudu anampelekea jirani. Hilo la nguvu za kiume tafuta mtu aliyeugua. Baba yangu mdogo alikaa na busha miaka, suruali hazivaliki ni msuli tu mpaka alipopasuliwa. Sasa kijana akianza hizo habari kijiweni mzee anamuuliza, "wewe nguvu unazoogopa kuzipoteza ungezitumia vipi na mzigo niliokuwa nao mimi?" Kijiwe kizima hoi.

mgawadawa_kusini: 😂😂 Kesho naanzia kwenye bao. Huyo mzee naomba mniazime wiki moja tu, nauli juu yangu.