MJADALA: Sindano za Kichina kwa watoto, hospitali ya chuo kikuu izitoe au izikatae?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Boston Children's Hospital, kule Marekani ambako madaktari wa Harvard hujifunzia, hutoa akupancha kwa watoto: sindano nyembamba, hazina dawa ndani, kwa maumivu sugu na kichefuchefu. Haiko peke yake. Mimi napinga.

Wala sipingi kwa kuwa ni mambo ya Wachina, na sisemi zinaua. Mapitio ya mwaka 2011 katika jarida la Pediatrics yalikusanya matukio 279 ya madhara kwa watoto; 253 yalikuwa madogo, moja la wastani, 25 makubwa, na mengi ya hayo makubwa yalionekana kutokana na wachomaji wasiofuata taratibu.

Shida yangu ni lile jengo. Mzazi akienda kwa mganga anajua amekwenda kwa mganga, na akirudi mikono mitupu anajilaumu mwenyewe. Akipelekwa na daktari wa Harvard atauliza nini? Na mtoto ndiye kabisa, hana wa kumuuliza.

Halafu nani anapima nafuu? Mama. Chukueni chango, kichanga analia jioni nzima na ukimpa ziwa hataki. Sweden walichoma vichanga kwenye utafiti wa 2017, wakatangaza kilio kimepungua. Kilio hicho kiliandikwa na wazazi, watu wenye hamu ya kuona nafuu!

Mchangiaji:
Mwanangu akiona sindano ya chanjo tu mtaa mzima unajua. Leo nimpeleke akachomwe isiyo na dawa? Nitamwambia nini?

Mchangiaji mwingine:
Mleta mada, taratibu kidogo. Utafiti huo wa Sweden ulikuwa na vichanga 147, na wazazi hawakujua mtoto wao yuko kundi gani. Muuguzi alikuwa akimchukua mtoto chumba cha pembeni, awe wa kuchomwa au wa kukaa naye tu. Usiwasingizie akina mama.

Mimi ni nesi, nawapokea watoto wakitoka chumba cha upasuaji. Mtoto aliyekatwa tonsili akizinduka anatapika, koo bichi, kila tapiko ni kilio. Zamani maumivu hayo yalitulizwa kwa kodeini. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo kali, maana kuna watoto ambao miili yao huigeuza kodeini kuwa mofini, dawa kali inayolevya na kuzuia pumzi, haraka mno, na baadhi walikufa. Mkinionyesha kitu kisicholevya wala kuzuia pumzi, siwezi kukitupa kwa sababu ya jina lake. Kwa kutapika kipo: sehemu ya ndani ya mkono, vidole vitatu chini ya kiganja, katikati ya kano mbili. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 59 na kukuta kuchochea hapo kunapunguza kichefuchefu baada ya upasuaji kuliko kuigiza tu kwamba unachochea.

Mleta mada:
Dada nesi, hapo kwa wazazi umenishika, nafuta kauli. Ila chango hutulia chenyewe mtoto akifika miezi mitatu minne, kwa hiyo bado sioni kwa nini nimchome.

Na hayo majaribio 59 yanakuja upande wangu. Si yote yalitumia sindano. Mengine ni mkanda wa mkononi wenye kifundo kinachobonyeza tu. Waliofanya mapitio wenyewe walisema ubora wa ushahidi ni wa chini. Sasa kama kubonyeza kunatosha, mfundishe mama abonyeze pale kitandani, bure. Hiyo naiunga mkono leo hii. Kliniki yenye bili ya nini?

Na hospitali ya mafunzo ina wanafunzi. Mwanafunzi wa udaktari akikuuliza sindano inafanyaje kazi, utamfundisha neva, au utamfundisha kwamba kuna nguvu iitwayo chi inayopita kwenye njia ambazo hakuna aliyewahi kuziona akipasua maiti? Nesi, hili nijibu wewe.